Mwanga Kutoka Filey

Kazi yangu ni kupanda minara ya simu. Ninaishi Garland, Texas, na mke wangu Rehema, na kwa miaka kadhaa sasa mwenzangu wa kamba ni Kambale, Mkongomani anayekaa Haltom City. Mwenzako wa kamba ndiye anayekagua mkanda wako kabla hujapanda, nawe unakagua wake. Asubuhi moja, katika mafunzo ya usalama ambayo hakuna anayeyapenda, mkufunzi alituonyesha picha ya misingi ya mawe juu ya jabali la bahari huko Uingereza, nyasi zimeota katikati. Akasema hicho kilikuwa kituo cha ishara cha jeshi la Warumi, kilichojengwa zaidi ya miaka elfu moja na mia sita iliyopita. Askari walikaa humo wakichungulia bahari, na wakiona mashua za maharamia wanapeleka habari kwa wenzao wa kituo kilichofuata pwani.

"Hawa ndio waliotutangulia kazini," alisema. Watu wakacheka, akaenda kwenye picha nyingine.

Mimi nilibaki kwenye ile picha. Sijui kwa nini iliniingia vile. Labda ni kwa sababu kazi yetu haina historia. Mnara ukichakaa unakatwa vipande na kupakiwa kwenye lori, na hakuna anayeukumbuka. Nilitafuta jina la mahali hapo, nikaambiwa ni Scarborough, kaskazini mashariki mwa Uingereza, na kwamba vituo vya namna hiyo vilikuwa kadhaa katika pwani ileile. Siku iliyofuata, tukiwa Mesquite tumekaa nyuma ya gari tunakula, nilimwonyesha Kambale ramani. Alipitisha kidole pwani kutoka juu kwenda chini, kikasimama.

"Filey," alisoma. "Elia, Filey ndiyo fasi Pascal anatumika."

Pascal ni mdogo wake, na huko anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Waliachana katika kambi ya wakimbizi Uganda. Pascal alifika kambini baada ya wenzake na kuandikishwa mbali nao, kwa hiyo faili lake likaenda peke yake, na siku moja yeye akapelekwa Uingereza huku Kambale, mama yao na dada yao wakipangiwa Texas. Tangu hapo walikuwa wakionana kwenye simu tu.

"Twende," nilimwambia.

Alifunga kopo lake la chakula polepole. Alikuwa amepata uraia majira ya baridi yaliyopita, na pasipoti yake mpya ilikuwa kwenye droo, haijawahi kufunguliwa na mtu yeyote isipokuwa mkewe. "Mimi, safari zote nilifanyaka, sikurudiaka," alisema. "Nikitoka fasi, ile fasi inaisha."

Ilinichukua wiki nzima kumshawishi, na aliyemshawishi hasa alikuwa mama yake, anayeishi Houston na binti yake. Alimpigia simu na kumwambia neno moja tu: aende.

Jioni ya mwezi Juni, uwanja wa ndege wa Dallas. Rehema alituendesha, akatushusha, akanikumbatia mimi kisha akamgeukia Kambale. "Shemeji, huyu ukimwacha juu ya jabali asogee sogee na picha zake, ataanguka. Mshike." Binti mdogo wa Kambale naye alikuwa amepiga simu, akamuuliza baba yake kwa Kiingereza kama kule anakokwenda bado kuna Warumi. Kambale alicheka mpaka mtu wa mizigo akamwangalia. Ila tulipokaa kwenye viti vyetu, na ndege ikaanza kwenda mbio, nilimwona ameshika tiketi yake ya kurudi kwa mikono miwili, akiisoma.

London tuliingia asubuhi, tukavuka jiji bila kuliona vizuri, tukapanda treni ya kaskazini. Nimezoea Texas, ambako ukitoka nyumbani unaendesha saa nzima na mandhari ni ileile; kule kila nikipepesa macho kulikuwa na kitu kipya dirishani: mashamba ya kijani kibichi, kondoo, kanisa la mawe, mto, tena kondoo. York tulibadilisha treni. Kambale alihesabu minara ya simu tuliyoipita na kuikosoa mmoja mmoja kwa sauti. Ule umeegemea. Ule antena zimefungwa vibaya. Mama mmoja wa Kiingereza aliyekaa mbele yetu alituuliza tunazungumza lugha gani, nikamwambia Kiswahili. Akasema inasikika kama tunaburudika sana. Nikamwambia tunasema mabaya juu ya minara yenu. Akasema tuendelee tu.

Scarborough tulifika jioni, lakini jua lilikuwa juu bado. Mji umekaa katikati ya ghuba mbili, na kati ya ghuba hizo imejitokeza rasi ndefu, ina ngome ya kale juu yake. Mwenye nyumba ya wageni, mama mnene mwenye kicheko kizito, alitukaribisha akituita "mpenzi" wote wawili, kama wanavyomwita kila mtu huko. Kambale alinitazama. Nilimwambia kwa Kiswahili kwamba ni salamu tu, asije akamweleza mkewe.

Usiku ule Kambale alitaka tupande treni fupi ya kwenda Filey akamwone mdogo wake hapohapo. Pascal alikataa kwenye simu. Alikuwa amebadilishana zamu na wenzake ili apate siku kadhaa za kukaa nasi, na malipo yake yalikuwa zamu ndefu isiyoisha hadi kesho yake jioni.

"Yaya, nikikuona hapa mlangoni nitalia," alisema, maana kwao yaya ni kaka, "na niko na wazee wa kupatia dawa. Ngojea kesho. Nataka nikuangalie vizuri."

Asubuhi ulikuwepo ukungu. Si ukungu wa kawaida. Bahari yenyewe ilikuwa imepotea. Mwenye nyumba alituwekea mayai na maharage, akachungulia dirishani, akasema ukungu wa bahari hauna adabu, unaondoka ukipenda. Tulipanda kilima hadi ngomeni bila kuona mbele zaidi ya mgongo wa mtu anayetangulia. Juu ya rasi kuna uwanja mpana wa nyasi, na mwishoni kabisa, pale ardhi inapokatika, ndipo kilipo kituo chetu.

Nitasema ukweli: mtu anayetarajia mnara atasikitika. Kimebaki kivuli cha mnara tu. Misingi ya mraba imechorwa ardhini, nyingine ni mawe, nyingine ni mistari iliyowekwa ili mgeni aelewe. Juu yake watu wa baadaye walijenga kanisa dogo, nalo pia limekuwa magofu. Upande wa mashariki haupo. Ukuta unakwenda, unafika ukingoni, unakoma, kwa sababu jabali liliuchukua na kuuangusha baharini. Chini, ndani ya ukungu, tulisikia mawimbi na kelele za shakwe bila kuona chochote.

Mwongozaji wetu aliitwa Bi Judith, mwanamke wa makamo aliyevaa buti na koti la mvua. Alitueleza pale palipokuwa mnara, pale palipokuwa ua, handaki lilivyozunguka. Nilimuuliza askari walipelekaje habari: moto, moshi, bendera?

"Hatujui kwa hakika," alisema. "Wataalamu wanabishana. Wapo hata wanaosema hazikuwa ishara sana, zilikuwa ngome ndogo za ulinzi. Mimi binafsi siamini kwamba mtu anajenga mnara hapa halafu asimwashie mwenzake taa."

"Na mwenzake alikuwa wapi?"

Alinyoosha mkono kusini, kwenye weupe mtupu. "Kama ungekuwa unaona, ungeona ncha ya Filey. Kulikuwa na kituo kingine palepale juu ya ile ncha."

Kambale alikuwa amechuchumaa akigusa jiwe la pembeni. Akainuka. "Filey? Filey ya Pascal?"

Nilimweleza Bi Judith habari yote, ya kambi, ya mafaili mawili, ya zamu inayokwisha jioni. Alisikiliza huku amefunga mikono kifuani. Kisha akaangalia angani, akasema, "Ukungu huu utaondoka kabla ya mchana. Mwambieni apande ile ncha."

Kambale alimpigia Pascal palepale, akaweka sauti juu tusikie sote.

"Kile kioo, unakumbuka?" alimuuliza.

Upande wa pili kikaja kicheko. Walipokuwa wadogo, kijiji chao kilikuwa upande huu wa bonde na shule upande ule. Walikuwa na kipande cha kioo kila mmoja, na anayebaki nyumbani alimmulikia mwenziwe aliye shuleni: mara moja, chakula kipo, mara mbili, usije haraka, baba amekasirika. Pascal akasema mapumziko yake ya mchana ni mafupi lakini ncha ya Filey haiko mbali na kazini. Ataomba kioo kwa mmoja wa wazee wake. Halafu sauti ikakatika. Kambale akapiga tena, ikakatika tena. Mtandao wa Filey ulikuwa dhaifu.

Tukatazamana, mafundi wawili wa minara kutoka Texas, tukacheka hadi machozi.

Karibu na mchana ukungu ulianza kuchanika. Kwanza ilionekana bahari chini yetu, kisha paa za mji, kisha ghuba yote ya kusini, na mbali kabisa mstari mwembamba wa ardhi ulioingia majini. "Ndiyo hiyo," alisema Bi Judith. Kambale alikuwa ameshateremka mjini mbio na kurudi na kioo kidogo cha kujipambia, cha mduara, kifuniko chake kina maua ya waridi. Ndicho alichokipata.

Tulisimama kwenye misingi ya mnara. Ukungu ulikuwa umeondoka lakini mawingu yalibaki, na bila jua kioo ni kipande cha kioo tu. Saa ya mapumziko ya Pascal ilifika. Tuliangalia ile ncha. Hakuna kitu. Wingu lilisogea kidogo, jua likapiga baharini mbali na sisi, likafungwa. Watalii wawili watatu waliuliza tunaangalia nini, Bi Judith akawaeleza, nao wakabaki. Mzee mmoja akatoa darubini yake na kuigeuzia Filey. Kambale alikuwa amesimama vile anavyosimama chini ya mnara ninapokuwa juu, kichwa kimeinuka, mikono tayari.

"Mapumziko yake karibu yanakwisha," nilisema. Nilijuta mara moja kwa kulisema.

"Atangojea," alisema Kambale.

Jua lilitoka juu yetu kwanza. Kambale aliinua mkono wa kushoto, akatanua vidole viwili, akaiweka ncha ya Filey katikati yake. Kwa mkono wa kulia aligeuza kile kioo chenye maua mpaka doa la mwanga likaangukia vidole vyake. Hapo ujue ukitikisa kioo kidogo tu, mwanga unapita katikati ya vidole na kwenda unakotaka. Akatikisa. Akatikisa tena. Mwanga wa jua ulikuwa unatembea juu ya maji kuelekea kusini, tuliuona kwa macho yetu, wingu likifunguka kama pazia linalovutwa, ukafika nchi kavu ya upande ule.

Na pale, juu ya ule mstari mwembamba, ikawaka nyota.

Sina neno jingine. Ilikuwa mchana na ilikuwa nyota, nyeupe, kali, ndogo kuliko punje ya mchele. Ikazima. Ikawaka.

"Niko naona!" Kambale alipiga kelele. "Elia, niko naona ye! Pascal! Pascal, we!" Alikuwa anamwita mtu aliye ng'ambo ya ghuba nzima. Watalii wakapiga makofi. Bi Judith alikuwa ameshika mdomo wake kwa kiganja na mabega yake yanatikisika. Kambale akamulika mara moja. Kwa mbali ile nyota ikajibu mara moja. Chakula kipo. Kisha ikawaka mara mbili, na Kambale akaangua kicheko kikubwa. "Anasema baba amekasirika! Anacheza na mimi!"

Kisha wingu likarudi na mambo yakaisha. Kambale alikaa juu ya jiwe la Warumi, akafunika uso kwa kofia yake. Nilikaa kando yake. Akasema, akiwa ndani ya kofia bado, "Kwenye simu nilikuwaka naona picha yake. Leo ni mkono wake."

Nilielewa alichotaka kusema. Kila sura ya Pascal aliyoiona kwa miaka yote hiyo ilipita kwenye minara, waya na mashine. Mwanga huu haukupita kwa mtu yeyote. Ulitoka kwenye mkono wa ndugu yake ukaja moja kwa moja kwenye jicho lake.

Jioni tulishuka kwenye kituo kidogo cha treni cha Filey. Sitaeleza sana. Pascal alikuwa ng'ambo ya reli, bado amevaa nguo za kazi, na hakungoja treni iondoke ndipo avuke. Alipanda daraja la juu ngazi mbili mbili. Ni mrefu kuliko Kambale, jambo ambalo simu haikuwa imewaambia. Kambale alilazimika kuinua uso. "Ulikuwaka mufupi," alimlalamikia, na hilo ndilo neno la kwanza alilomwambia.

Siku zilizofuata zilikuwa za raha tupu. Pascal alitupeleka kwenye ile ncha, ambako hakuna mnara wowote, ni nyasi na upepo na udongo unaomong'onyoka. Mawe yaliyochimbwa huko yamewekwa kwenye bustani mjini, misingi ya nguzo, na moja limechongwa mbwa akimkimbiza paa. Nililigusa. Nikafikiria askari mwenye zamu ndefu, baharini hakuna kitu, anachonga jiwe ili siku ipite. Labda hakuwa askari, labda alikuwa fundi aliyelipwa. Lakini mbwa yule amechongwa na mtu aliyempenda mbwa.

Tulikwenda pia kazini kwa Pascal, kwa kuwa wazee walidai. Bibi aliyemwazima kioo, mwenye nywele nyeupe na pete nyingi, alikuwa amewaeleza wenzake wote, na alipoona tumeingia alimwita Kambale akae karibu. Alimshika kidevu akamgeuza uso kushoto na kulia.

"Huyu ndiye aliyekuwa upande wa pili?" aliuliza.

"Ndiye," alisema Pascal.

"Basi sote tumemwona," alisema bibi, akawatangazia wengine, na chumba kizima kikashangilia. Tuliimbiwa nyimbo za zamani. Kambale naye aliwaimbia pambio la kwao kwa Kiswahili, na wazee walioshindwa kusimama walipiga meza.

Kuachana nilikuwa nikikuogopa. Lakini Pascal alitusindikiza hadi York, na ndugu hao wawili wakaachana wakibishana kuhusu nani atapika Krismasi, maana Pascal naye amejaza maombi ya pasipoti na anasema atakuja Texas. Kambale aliingia kwenye treni akiwa bado anabisha.

Tuliporudi tulishukia Houston, kwa mpango, ili Kambale ampelekee mama yake habari kwa mdomo. Joto lilitupokea mlangoni mwa uwanja wa ndege, lile joto la Houston linalokulowesha kabla hujatembea. Mama Kambale alikuwa amepika sombe, yaani kisamvu, na ugali na samaki kwa ajili ya watu wengi kuliko sisi. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mwenye sauti ya chini. Alitukalisha, akatutazama tukila, hakuuliza kitu mpaka sahani zikaondolewa. Kisha akamwambia Kambale aeleze, asiruke kitu.

Kambale alieleza. Alieleza ukungu, mnara ambao haupo, Bi Judith, kioo chenye maua. Alisimama katikati ya sebule akaonyesha vidole viwili na jinsi mwanga unavyopita. Mimi niliongeza pale aliposahau. Alipofika kwenye ile nyota, dada yake alianza kulia. Mama alisikiliza hadi mwisho, mikono imetulia mapajani.

"Ilikuwa saa yake ya kula?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

"Akapanda mulima."

"Ndiyo."

"Akateremuka, akarudia kazi."

"Ndiyo, Mama."

"Sasa alikula saa ngapi?"

Kambale alinitazama mimi. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifikiria.

"Hakukula, Mama," alisema Kambale.

Mama alinyoosha mkono apewe simu. Huko Filey ilikuwa karibu alfajiri, tulimwambia, lakini hakutusikiliza. Pascal alipopokea, sauti imejaa usingizi, alimgombeza kwa kilugha chao bila kupumua, na kadiri alivyogomba ndivyo uso wake ulivyozidi kung'aa, mpaka akawa anacheka na kugomba pamoja, na upande wa pili Pascal naye anacheka, anaapa kwamba leo atakula mara mbili.

Kesho yake tuliendesha gari la kukodi kwenda kaskazini, Kambale akiwa usukani, mimi naangalia minara ikipita kando ya barabara. Nilikuwa nimetoka nyumbani kuona mawe, na mawe niliyaona, nayapendekeza kwa yeyote atakayefika pwani ile. Lakini kama Rehema angeniuliza nimejifunza nini, nami nilijua ataniuliza, ningemwambia kwamba nilikuwa nikidhani kazi ya mnara ni kufikisha habari. Sasa naona habari yenyewe mara nyingi si kubwa: chakula kipo, usije haraka, umekula? Warumi walijenga juu ya jabali kwa hofu ya maharamia, na sina shaka kwamba siku nyingi maharamia hawakuja. Siku hizo, napenda kuamini, askari wa Scarborough alimwashia wa Filey bila sababu yoyote ya kivita, na wa Filey akajibu, ili kila mmoja ajue mwenzake bado yuko.